Remi wa Ilemba na Wafaransa wake

Jamani, jina linaweza kukuletea kesi! Mwenzenu nimepata mtoto wa kiume, na mzee kule Ilemba, bondeni Rukwa, ameshaleta agizo: mtoto aitwe Remi, jina la marehemu babu yangu. Mama watoto hataki hata kusikia. "La kizamani hilo, tena la Wazungu." Washikaji kijiweni nao wakachangia, eti bora nimwite Brian. Sasa sijui Brian ni Mfipa wa wapi.

Basi nikaona, kabla sijakata shauri, nimjue kwanza huyo Remi.

Kumbe alikuwa askofu wa mji wa Reims. Ndiye aliyembatiza Clovis, mfalme wa Wafranki, karibu na mwaka 496. Na hao Wafranki wenyewe walikuwa wakuja tu! Wenyeji walikuwa Wagauli, ambao Julius Caesar aliwashinda pale Alesia mwaka 52 kabla ya Kristo, jemadari wao Vercingetorix akajisalimisha. Warumi wakakaa miaka kama mia tano, Wagauli wakaishia kuongea Kilatini cha mitaani. Ndipo Wafranki wakavuka mto Rhine na kutwaa utawala, lakini lugha yao ikamezwa na ya waliowakuta. Walichobakiza ni jina la nchi: Ufaransa.

Hapo nikacheka peke yangu. Mbona kama habari za kwetu? Wazee wa Ufipa husimulia ufalme wa kale wa Milansi, kisha wanawake wa Kitwa wakafika kutoka mbali, mwene akiwa mawindoni, wakakalia kiti chake. Uzao wao ukatawala Nkansi na Lyangalile, na leo wote Wafipa.

Jina la Clovis nalo halikufa. Ndilo lililozaa Ludovicus, kisha Louis. Kina Ludoviko wa Sumbawanga, mnasikia? Wafalme kibao waliitwa hivyo, mpaka Louis wa 16 akakatwa kichwa Januari 21, 1793, mapinduzi ya 1789 yalipopamba moto.

Cha ajabu, Wafaransa wenyewe walikuwa hawaelewani. Ripoti ya padri Grégoire ya 1794 ilisema watu wasiopungua milioni 6 hawakijui Kifaransa. Baadaye, kule Brittany, mtoto aliyeteleza shuleni akaongea lugha ya nyumbani alivishwa kitu shingoni achekwe. Mimi nilivishwa kipande cha mbao darasa la tatu kwa sababu ya Kifipa! Nilidhani hayo mambo ni ya kwetu tu.

Sasa Remi alifikaje bondeni? Mwaka 1868 Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers alianzisha shirika la Mapadri Weupe. Mwaka 1885 wakakabidhiwa kituo cha Karema, Ziwa Tanganyika, na Wabelgiji. Akaja na Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa. Mwaka 1887 alihamia Mpala ng'ambo ya ziwa, akapambana na wafanyabiashara ya watumwa, akamwoa Agnes Atakaye mwaka 1888, akafia huko huko mwaka 1927. Kijiji chake alikiita Saint-Louis. Louis tena!

Lakini aliyenigusa ni Adrien Atiman. Jina la Kifaransa, mtu wa karibu na Timbuktu. Aliuzwa utotoni, mapadri wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, akatibu watu Karema tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 mpaka alipofariki mwaka 1956.

Nikampigia mzee kumtambia elimu yangu mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Haya. Na jina alilozaliwa nalo babu yako je?"

Nikakaa kimya.

"Remi alipewa kisimani kwa padri, ameshaota ndevu. Lile la kwanza hujawahi kuniuliza." Akalitaja.

Mama watoto alikuwa pembeni, simu iko kwenye spika. "Baba, shikamoo," akadakia. "Hebu lirudie hilo, sijalipata vizuri."

Akalirudia mara mbili, polepole. Kadi ya kliniki iko mezani hapa, pa jina bado peupe, na mama watoto anatafuta kalamu.