Ufundishaji wa Stadi ya Kuandika katika Masomo Yote: Mazingira ya Shule za Sekondari za Njombe na Makambako

Katika sekondari za Tanzania, mwanafunzi hupimwa zaidi kwa yale aliyoyaandika. Upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne, ambavyo huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, hutegemea kwa kiasi kikubwa majibu ya maandishi. Kwa hiyo, mwanafunzi anayelijua jambo lakini akashindwa kulipanga katika aya huhesabiwa kuwa halijui. Pamoja na uzito huo, stadi ya kuandika aghalabu huachiwa mwalimu wa lugha pekee.

Ugumu wa stadi hii una vyanzo viwili vikuu. Kwanza ni lugha. Mtoto wa Njombe anaweza kukua akisikia Kibena, Kikinga au Kipangwa nyumbani, akasoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na Kiingereza katika masomo mengi ya kidato cha kwanza. Pili ni mazoea ya kunakili. Mwanafunzi aliyejaza madaftari kwa maelezo ya ubaoni hajatunga chochote; amezoeza mkono, hajazoeza fikra.

Historia ya Tanzania na Maadili, somo linalofundishwa kwa Kiswahili, linafaa kuwa mahali pa kuanzia. Chukulia swali hili: kwa nini Makambako ni mji wa biashara? Jibu la mazoea huorodhesha: reli, barabara, soko. Mwalimu anayefundisha kuandika hudai kiungo kati ya hoja na hoja. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inaunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia. Makambako ina stesheni ya reli hiyo, na ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya. *Kwa sababu hiyo*, wasafiri na mizigo hukutana hapo. *Matokeo yake*, wafanyabiashara hupata wateja. Viunganishi hivyo viwili ndivyo vinavyogeuza orodha kuwa hoja.

Usahihishaji nao unahitaji mpangilio. Makosa kama “ana soma” badala ya “anasoma”, au “kura” badala ya “kula”, ni ya tahajia. Aya isiyo na wazo kuu ni kosa la muundo. Mwalimu akiyawekea yote wino mwekundu kwa pamoja, mwanafunzi huona alama tu. Ni afadhali rasimu ya kwanza ikaguliwe muundo, na ya pili tahajia. Darasa likiwa kubwa, wanafunzi wawiliwawili wabadilishane rasimu na kujibu swali moja: wazo kuu la aya hii ni lipi?

Walimu wa masomo yote wakikubaliana juu ya aya moja kwa wiki katika kila somo, pamoja na vigezo vilevile vya kuisahihisha, mwanafunzi atatunga mara nyingi zaidi bila kuongezewa kipindi hata kimoja.