Kichujio cha Barua Taka Kisifute Oda ya Mteja

Moi's Bridge, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, ni mji wa mahindi. Biashara nyingi huko humalizwa kwa simu na M-Pesa, lakini mwenye agroveti au kinu cha unga anayetaka kuiuzia shule au serikali ya kaunti huombwa baruapepe. Hapo hukodi anwani yenye jina la biashara yake, inayoishia na .co.ke. Anwani ikishatangazwa, taka huanza kumiminika.

Seva nyingi za kukodi hutumia SpamAssassin, programu ya bure iliyotoka mwaka 2001. Huipima kila barua na kuipa alama kwa kila dalili mbaya: kichwa cha herufi kubwa tupu, seva yenye sifa mbovu, kiungo cha kutilia shaka. Jumla ikifika 5, barua hiyo huhesabiwa taka. Aliyechoshwa na taka hushusha kiwango hadi 2, kisha huamuru zifutwe papo hapo. Napinga jambo hilo kabisa. Taka iliyopenya hukupotezea sekunde chache. Oda ya mbolea iliyofutwa mwezi Machi, wakulima wakijiandaa kupanda, hukupotezea mteja, na hutajua kamwe kwamba aliandika. Acha kiwango kwenye 5, taka zielekezwe kwenye folda yake, na folda hiyo uikague kila jioni. Anwani za wateja na wasambazaji wako ziweke kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

Kuna ugumu mwingine unaotuhusu sisi hasa. Kanuni za programu hii zinazochunguza maneno ziliandikwa zaidi kwa ajili ya taka za Kiingereza, kwa hiyo barua ya kitapeli ya Kiswahili, inayokupongeza kwa kushinda zabuni na kukudai ada ya usajili, yaweza kupita bila kuguswa. Dawa yake ni kuifundisha. Ina sehemu inayojifunza maneno ya barua zako mwenyewe, lakini kwa kawaida haianzi kuamua hadi ionyeshwe taka 200 na barua halali 200. Wengi huionyesha taka peke yake, kisha huilaumu kwamba haijui kitu. Muulize anayekukodisha seva kama mafunzo hayo yanaruhusiwa, na barua ziwekwe folda gani.

Barua zako nazo zinachujwa kule ziendako. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanataka kila mtumaji athibitishwe kwa SPF au DKIM. SPF ni mstari kwenye rekodi za kikoa chako, yaani lile jina linaloishia na .co.ke, unaotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako; DKIM ni saini ya kidijitali inayoonyesha kuwa barua haikubadilishwa njiani. Weka zote mbili. Kisha jitumie barua kwenye akaunti ya Gmail, ufungue maelezo yake kamili kwenye kompyuta: mbele ya SPF na DKIM pasome PASS. Pakisoma vingine, mpigie mwenye seva kabla hujatuma bei za msimu.