Tope la Mikokoni na Amana Iliyomo Ndani Yake

Kila aliyelelewa katika mji wa pwani aijua harufu ile. Maji yakupwapo na upepo ukavuma kutoka upande wa mikokoni, hutujia hadi ukumbini harufu mithili ya yai viza, na watoto wakabana pua. Wengi wetu tumezoea kuiona kuwa ni dalili ya uchafu, na mahala itokapo kuwa ni jalala. Na hakika katika baadhi ya vijito vya Mombasa pamefanywa jalala hasa. Juma hili twapenda kusema na wasomaji wetu, hususan akina mama waingiao mikokoni kutafuta kaa na chaza, na kila aliye na nia ya kujenga, kuhusu tope hilo lenyewe: limekusanya nini, na hicho lilichokikusanya huenda wapi linapoharibiwa.

Katika msitu wa bara, jani likianguka huoza upesi, kwa kuwa udongo una hewa, na wadudu na kuvu hulimaliza. Sehemu kubwa ya kilichokuwamo ndani yake hurudi angani kuwa hewa ya ukaa. Mikokoni mambo ni mengine. Baadhi ya majani huchukuliwa na maji yakaenda kulisha samaki na kamba, na mengine hukamatwa na kaa, wakayaburura hadi mashimoni mwao, wakayala na kuyaacha mabaki huko chini. Mizizi nayo hufa ikazuka mingine, na iliyokufa hubaki pale pale ilipokuwa. Kisha maji yakijaa huleta udongo laini, ukatulia katikati ya mizizi iliyosimama kama magoti, ukafunika yote.

Chini ya sentimita chache tu, tope hilo halina oksijeni, kwani limeshiba maji usiku na mchana. Kazi ya kuozesha huachiwa bakteria wanaotumia salfa iliyomo katika maji ya bahari badala ya oksijeni. Nao ni watumishi wa polepole mno. Moshi wa jiko lao, ikiwa twaruhusiwa kusema hivyo, ndiyo ile harufu ya yai viza. Kwa hiyo, penye harufu hiyo msituni, aghlabu pana mboji iliyofungiwa chini, mabaki ya majani na mizizi ambayo huenda yamekaa humo karne na karne bila kuoza yakaisha.

Hazina hiyo si ndogo. Mwaka 2011 wataalamu waliopima misitu 25 ya mikoko katika eneo la Bahari ya Hindi na Pasifiki walitangaza kwamba hekta moja ilikuwa na wastani wa tani 1,023 za kaboni, na kwamba kati ya asilimia 49 na 98 ya akiba hiyo ilikuwa topeni, si katika mashina wala matawi. Yaani mtu asimamapo mbele ya mkoko akausifu kwa urefu wake, mali iliyo kubwa zaidi ameikanyaga.

Lakini utafiti tunaouona kuwa una uzito zaidi kwetu ulifanywa hapa hapa nyumbani, katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Watafiti walichagua viwanja vidogo. Katika vitano, mikoko ilichunwa gome kuzunguka shina, kisha ikakatwa. Vitano vingine vikaachwa kama vilivyo. Wakapima kimo cha ardhi. Palipoachwa, tope lilikuwa likipanda kiasi cha milimita 4 kwa mwaka. Palipokatwa, ardhi yenyewe ilididimia kiasi cha milimita 32 kwa mwaka, kwa sababu mizizi ilikufa, ikaoza na kubonyea, na tope likashindiliana. Hewa ya ukaa iliyopotea katika viwanja hivyo ilikadiriwa kuwa tani 25 kwa kila hekta kwa mwaka.

Tukumbuke pia kwamba kima cha bahari duniani kinapanda kwa zaidi ya milimita 3 kila mwaka. Msitu wa Gazi uliosalimika ulikuwa ukienda sambamba na bahari, ukijiinua kwa mboji yake na kwa udongo uletwao na maji. Palipokatwa, bahari inapanda na nchi inashuka. Wenye nyumba na visima karibu na ufuo hawahitaji kuelezwa maana yake.

Hatusemi haya kuwalaumu wazee wetu. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za Lamu, na majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni, biashara iliyolisha familia nyingi hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu hadi leo. Kutumia neema si kosa. Israfu ndiyo kosa, nasi twaona kuwa kukata msitu mzima mkavu kwa sababu boriti ni rahisi kuliko mbao kumekaribia huko.

Wako wasemao: tukikata, tutapanda. Kupanda mti ni sadaka, na hatumvunji moyo yeyote. Hata hivyo mche wa leo hauna tope la karne nyingi chini yake. Kulinda msitu uliosimama kunatangulia. Tena katika hafla za kupanda hupendwa mkoko kwa kuwa mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka, ukapandwa popote, hata pale mbele baharini ambapo ni makazi ya mlilana, mawimbi yakaung'oa. Wala si kila tope ni heri: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mno kutoka mashambani hadi kijito cha Mwache, ukaifunika mizizi ya kupumulia, na eneo kubwa la mikoko likafa.

Huko Gazi na jirani yake Makongeni, wanakijiji tangu 2013 wanalinda hekta 117 kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, wakiuza nje dhamana ya hewa ya ukaa inayozuiliwa msituni. Mapato yamekwenda katika maji ya kunywa na vitabu vya shule. Akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao ipitayo juu ya tope, ambako huwatembeza wageni na kuwauzia chakula. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wamefuata kwa msitu wa hekta 460. Na kwa kuwa watu hawaachi kupika wala kujenga, mradi wa Gazi umepanda mivinje nchi kavu, mti ukuao upesi, utoe kuni na nguzo. Anayejenga mwaka huu anaweza kumuuliza fundi swali moja kabla ya kulipa: boriti hizi ni za mvinje au za mikokoni, na kama ni za mikokoni, kibali kiko wapi?