Homoni na Tourette: Tusilaumu Kiwango, Tutazame Mabadiliko

Sindromu ya Tourette imezoeleka kuhesabiwa ugonjwa wa wavulana wadogo, na takwimu kwa kiasi fulani zinaunga mkono mazoea hayo. Kupepesa macho, kurusha shingo, kukohoa au kutoa sauti bila kukusudia, dalili ambazo madaktari huziita tiki, kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 5 hadi 7, hukolea kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa wengi hupungua ujanani. Wavulana huwazidi wasichana mara tatu au nne. (Matusi ya ghafla ambayo filamu huyapenda sana huwapata wachache tu.) Hata hivyo, kwa watu wazima pengo hilo la jinsia hupungua, na wapo wanawake ambao tiki zao huongezeka katika umri ambao wengine wameanza kupata nafuu. Wengi wao husema jambo moja: siku chache kabla ya hedhi, mwili hauwatii.

Je, ni kweli? Kibiolojia dai hilo lina msingi. Tiki hutokana na hitilafu katika mawasiliano kati ya gamba la ubongo na viini vya ndani vinavyoratibu mienendo, na kemikali ya dopamini ina nafasi kubwa humo. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba estrojeni hubadilisha utendaji wa dopamini katika viini hivyo hivyo. Mwaka 1992 utafiti mmoja wa Marekani uliwauliza wanawake 47 wenye Tourette, na takriban robo yao walisema tiki huzidi kabla ya hedhi. Lakini mwaka 2001 watafiti wengine walipopima estrojeni na projesteroni katika damu ya wanawake wachache wenye ugonjwa huu, hawakuona uhusiano wowote kati ya viwango vya homoni na ukali wa tiki. Wapo waliolichukua jibu hilo kuwa mwisho wa mjadala.

Kwa maoni yangu waliufunga mjadala mapema mno. Homoni kutokuwa nyingi wala chache kupita kiasi hakuna maana kwamba ubongo hauathiriwi zinapopanda na kushuka. Ushahidi mzuri unatoka katika tatizo jirani, la huzuni na hasira zinazowapata baadhi ya wanawake kabla ya hedhi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walizima kwa dawa homoni za ovari za wanawake wenye tatizo hilo, na wengi wakapata nafuu. Waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo hilo walipewa homoni zile zile wasione kitu. Tofauti ilikuwa katika ubongo uliozipokea. Sioni sababu ya kudhani kwamba ubongo wenye Tourette hauwezi kuwa na wepesi wa namna hiyo, ingawa jaribio kama hilo si uthibitisho kwa tiki.

Pingamizi zito zaidi ni la kumbukumbu. Tiki hujaa na kupwa kama bahari hata pasipo sababu, na anayeamini kwamba hedhi ndiyo chanzo atakumbuka miezi iliyolingana na imani yake na kuisahau mingine. Tena maumivu, usingizi mbovu na wasiwasi wa siku hizo huchochea tiki vyenyewe. Pingamizi hili ni la haki, na dawa yake ni kalamu: kuandika kila siku, kwa mizunguko miwili au mitatu, ukali wa tiki, saa za usingizi na tarehe za hedhi. Na hata ikibainika kwamba homoni hupitia kwenye usingizi kwanza, bado mgonjwa amepata pa kuanzia.

Wengine huuliza: kama homoni zinahusika, kwa nini tusizizuie? Kwa upande wa homoni za kiume hilo limejaribiwa. Dawa ya flutamaidi, inayozuia kazi ya testosteroni, ilipunguza tiki kidogo na kwa muda mfupi tu, nayo inaweza kudhuru ini. Faida hiyo haistahili hatari yake. Kinyume chake, ripoti ya mwaka 1990 ilieleza tiki kuzidi kwa watumiaji wa steroidi za kujenga misuli. Wanaonunua steroidi hizo mitaani walijue hilo.

Jambo linalosahaulika kliniki ni kwamba tiba yenyewe hugusa homoni. Haloperidol, dawa ya miaka mingi ya Tourette, hupandisha prolaktini na inaweza kuvuruga au kusimamisha hedhi. Daktari asiyeuliza habari za hedhi anaweza kuiona dalili ya dawa yake akaidhania ugonjwa mwingine. Ipo pia tiba ya mazoezi ya tabia, isiyotumia dawa kabisa, ambayo mwaka 2012 ilionyesha kuwasaidia watu wazima. Kwa hiyo, msomaji mwenye tiki, usianze wala kuacha vidonge vya uzazi wa mpango kwa kukisia. Andika kumbukumbu zako, umpelekee daktari, na asipouliza kuhusu hedhi, mwambie wewe.