Jedwali Tupu Kabla ya Maji

Mwaka fulani nilisahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu baada ya jaribio la pendulamu: jiwe dogo, uzi wa mita moja, saa ya simu. Vikundi sita, na vyote vimepata mvutano wa dunia kuwa 9.8 kamili. Haiwezekani. Kikundi kimoja nilikisikia kwa masikio yangu kikihesabu mibembeo 19 na kuandika 20, kosa ambalo lingewapa karibu 10.9. Matokeo yale yalipikwa, na aliyewasha moto ni mimi: nilikuwa nimeandika 9.8 ubaoni kabla hawajafunga uzi.

Mwanafunzi akishalijua jibu, kazi yake maabara ni kulifikia, kwa njia yoyote. Ndiyo maana siku hizi, ninapofundisha kupanga jaribio na kuandika ripoti yake, naanza na swali ambalo kitabu chao hakilijibu. Zuri kuliko yote limetoka Lushoto.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu. Akahofia kuikosa, akaweka yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Aliambiwa amechanganyikiwa, lakini swali hakuliacha. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alichukua bika mbili ndogo, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka kwenye friji ya maabara ya baiolojia. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya moto. Akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha kazi yao katika jarida la Physics Education.

Basi naandika ubaoni: je, maji ya moto huganda kabla ya maji baridi? Kipindi chote cha kwanza hakuna maji wala vikombe. Kuna karatasi tu.

Ubishi huanzia kwenye neno "huganda". Mmoja anasema ni pale ukoko wa kwanza wa barafu unapoonekana ukingoni. Mwingine, ni kipimajoto kikisoma sifuri. Wa tatu hakubali mpaka kikombe kizima kiwe jiwe. Wote wana hoja, ila wakiingia maabara bila kuchagua, watatoka na majibu matatu na kila mmoja atamwona mwenzake mwongo. Huwa siamui. Nawaacha wabishane hadi waandike sentensi moja itakayofuatwa na darasa zima, na dakika hizo ndizo ninazozithamini kuliko zote.

Kisha tunatafuta kinachobadilishwa, ambacho ni joto la kuanzia peke yake, na yote yanayopaswa kubaki sawa. Hapa ndipo maji yanapoonyesha ujanja wake. Maji ya moto hutoa mvuke, kwa hiyo yanayobaki ni machache: lazima vikombe vipimwe uzito kabla na baada. Kikombe cha moto huyeyusha theluji iliyo chini yake kwenye friza na kukaa juu ya chuma baridi, wakati jirani yake amekalia theluji inayozuia joto lisitoke. Tunaweka ubao chini ya vyote viwili, na tukirudia tunabadilishana nafasi. Kipimajoto nacho kina mahali pake. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walionyesha kwamba tofauti ndogo tu ya kina cha kipimajoto ndani ya maji inaweza kumfanya mpimaji aone maji ya moto yametangulia, kumbe hayakutangulia.

Mwishoni mwa kipindi kila kikundi kinachora jedwali tupu. Safu ya uzito ikisahaulika leo, kesho mvuke umeshakwenda na hakuna wa kuurudisha.

Ripoti naikagua kwanza kwenye vitenzi. Wengi hunakili amri za kitabu: chukua bika, weka maji, subiri. Hayo ni maelekezo ya mtu mwingine. Nataka "tuliweka", "tulipima", "tulisubiri", kwa sababu ripoti ni ushahidi wa aliyekuwapo. Maneno kama "maji kiasi" na "vuguvugu" nayakata. Nataka mililita na nyuzi, ili mwanafunzi wa shule nyingine arudie bila kutupigia simu. "Kikombe cha moto kiliganda baada ya dakika 74" ni matokeo. "Kwa sababu kilipoteza mvuke" ni maelezo, na yana sehemu yake mbele. Namba iliyokosewa hupigwa mstari mmoja ili bado isomeke.

Alama hazitegemei kikombe kipi kimeshinda. Kikundi kikihitimisha kwamba katika majaribio matatu maji ya moto yalitangulia mara moja tu, na jedwali lao linasema hivyohivyo, nawapa alama zote.

Muhula uliopita umeme ulikatika katikati ya kazi. Vikundi vitatu viliniletea muda wa kuganda kana kwamba hakuna kilichotokea. Cha nne, kwenye safu ya mwisho ya jedwali, kiliandika: "Umeme ulikatika dakika ya 41, ukarudi dakika ya 58. Hatukufungua mlango. Tutarudia Alhamisi." Alhamisi asubuhi, kabla ya gwaride, niliwakuta wamekaa mlangoni mwa maabara na vikombe vyao mapajani, wakisubiri ufunguo.