Mchumba Wako Akiwa Mwokoaji, Shosti Ujipange!

Tuseme wewe ni binti wa Mwamkulu. Mpunga umeshavunwa, magunia yako ndani, na kijana mmoja kutoka Mpanda mjini kaleta washenga. Mzee anakohoa kidogo, halafu anauliza swali la wazee wote: huyu kijana anafanya kazi gani? Mshenga anajibu huku kavimba kichwa: "Ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji." Mama anatabasamu, maana mshahara wa serikali si haba. Na wewe kule jikoni moyo unadunda, unaiwazia ile sare!

Subiri kwanza shosti. Sare inapendeza, sikatai. Lakini kazi iliyomo ndani ya hiyo sare unaijua?

Wengi wetu tunadhani hawa jamaa kazi yao ni kumwaga maji kwenye moto, basi. Hapana. Hili ni jeshi kamili, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kama walivyo Polisi, lina vyeo vyake, lina sheria yake ya mwaka 2007, na lina chuo chake Chogo, Handeni, mkoani Tanga, ambako vijana wanakimbizwa mchakamchaka hadi wanasahau majina. Moto ni kipande tu cha kazi. Kilichobaki ni kwenda kule ambako wewe na mimi tunakimbia: kisimani, chooni, mtoni, chini ya kifusi, ndani ya basi lililobanana.

Chukua kisima, kwa sababu hiki ndicho kinachotuhusu zaidi huku mashambani. Mtu kateremka kusafisha, au kawasha pampu ya petroli mle mle chini ili avute maji. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anaishiwa nguvu, anadondoka. Kaka mtu anachungulia, anamwona ndugu yake amelala, anashuka mbio. Naye kimya. Anashuka wa tatu. Msiba wa mmoja unakuwa misiba mitatu, na wote wawili wa mwisho walikuwa wazima kabisa, waliuawa na upendo.

Ndiyo maana kitu cha kwanza anachofundishwa mwokoaji ni kujizuia. Usiongeze idadi ya majeruhi! Anafika, mnamlilia, mnamvuta shati, na yeye anafunga kamba taratibu, anakagua mtungi wa hewa mgongoni, anauliza maswali. Watu wanamwona katili. Mtungi wenyewe si wa kuchezea: mara nyingi unampa kama nusu saa, na akihema kwa nguvu unakwisha mapema zaidi. Hewa ikikaribia kuisha unapiga filimbi wenyewe, na hapo hata kama alikuwa amebakiza hatua mbili amfikie mtu, inabidi ageuke. Hebu fikiria kugeuka hapo. Halafu fikiria kurudi nyumbani na hilo kichwani, ukute mwenzio kanuna kwa sababu hukupokea simu.

Mambo ya simu ndiyo yanavunja uchumba mwingi wa watu hawa, nadhani. Yuko zamu, hajibu. Mlipanga kwenda harusini, kaitwa. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, waliokwenda asubuhi ile hawakurudi jioni. Kazi ilikwenda siku kwa siku, usiku na mchana. Chini kulikuwa na watu hai wanaopiga simu kutoka gizani, na juu yao tani za zege ambazo ukizigusa vibaya unawamaliza. Kwa hiyo walitoboa matundu, wakapitisha hewa na maji, wakachimba kwa mikono pale ambapo mashine ingeua. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai. Waliofariki hawakupungua 29. Zimamoto hawakuwa peke yao, walikuwapo wanajeshi, polisi, Msalaba Mwekundu na raia wa kawaida. Lakini hebu jiulize, mke wa askari aliyekuwa mle alilala saa ngapi wiki ile?

Halafu kuna wazamiaji, na sisemi wale wa kuzamia meli kwenda Ulaya! Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walikufa. Giza lilipoingia kazi ikabidi isimame hadi asubuhi, na ndugu walikuwa ufukweni wanaangalia. Siku mbili baadaye, wakati watu walishakata tamaa, wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai. Alikuwa kajibana ndani ya chumba cha injini, mahali palipobaki na hewa. Mzamiaji huyo huyo anayetoa mmoja hai ameshapandisha watoto na akina mama wangapi waliokufa? Hilo haliishii ziwani. Linakuja hadi mezani, hadi kitandani.

Sasa hapa nitasema langu. Akirudi kimya, mwache kidogo. Usimwulize "mmeokoa wangapi?" kama unauliza matokeo ya mpira. Mpe maji ya kuoga, chakula, kaa karibu. Akitaka kusema atasema. Lakini kimya kikizidi wiki, halali, anakuwa mkali kwa watoto au chupa imekuwa rafiki yake, huo si uanaume wala si ushujaa. Anahitaji msaada wa daktari au mshauri, na wewe ndiye utakayeona kwanza. Na wanaume mliooa askari wa kike, maana nao wapo, haya ni yenu pia. Msijifanye hamsikii.

Nirudi Mwamkulu. Mwokoaji wa mjini, hata awe hodari vipi, lazima asafiri. Wakati wa mvua, bonde la Mto Katuma likijaa maji na barabara ikiwa tope, dakika za kwanza ni za jirani. Hata kwa wengine imekuwa hivyo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Waliowahi mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alitumia kasia kufungua mlango wa nyuma. Watu 24 walipona, 19 wakafa, wakiwemo marubani wote wawili. Majaliwa mwenyewe alipojaribu kuwafikia marubani aliumia, akapoteza fahamu, akaja kuzindukia hospitali. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo. Moyo alikuwa nao tayari. Alichohitaji ni kamba, mtungi na mtu wa kumwambia lini asimame.

Na kwa wenzetu wachimbaji wadogo wa dhahabu, waliojaa Katavi nzima: kule Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, watu watano walitoka hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wamekula mende na vyura. Waliowafikia ni wachimbaji wenzao.

Kwa hiyo jirani wa Mwamkulu, namba ni 114, ni bure. Usiipige kwa utani, maana wapo wanaofanya hivyo na gari linaondoka kituoni bure. Sema kijiji, kitongoji, na alama inayojulikana: shule, mashine ya kukoboa mpunga, kanisa, msikiti. "Kwa mzee fulani, penye mwembe" hakumsaidii dereva usiku. Tuma kijana wa bodaboda akasimame barabara kuu alipokee gari. Gari likifika, msianze kupiga kelele kwamba limekuja na maji kidogo: tanki la lita 5,000 likimwagwa kwa lita 1,000 kwa dakika linakwisha kwa dakika 5. Waonyesheni kisima au mfereji ulio karibu. Na kama mtu yuko kisimani, zimeni pampu, mwiteni kwa jina, mshusheni kamba kama bado anaweza kuishika, na mtafuteni mtu mwenye nguvu amshike kaka yake asishuke.