Kunguru, Mdondo na Somo Tulilolisahau

Sisi tunaoishi Kigamboni, kuanzia Feri hadi Kibada na Mjimwema, tunaijua asubuhi ya namna hii. Mama anafungua banda baada ya swala ya alfajiri na kukuta kuku wawili wamekwisha kufa. Wa tatu amepinda shingo, anahema kwa mdomo wazi, na kinyesi chake ni cha kijani. Kabla ya wiki kwisha, banda ni tupu. Ada ya madrasa na kitoweo cha Idi vimekwenda kwa pamoja. Juu ya ukuta kunguru anatazama, na majirani wanasema: huyo ndiye aliyeleta.

Tuhuma hizo si za kupuuza. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka, kisha akaenea katika pwani yote. Hula mayai, vifaranga, makinda ya ndege wengine na mizoga. Huko India, virusi vya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, viliwahi kupatikana katika mwili wa kunguru wa aina hiyo hiyo.

Lakini hakimu mwadilifu husikiliza pande zote mbili. Mdondo huenea zaidi kwa kinyesi, kamasi na mizoga ya kuku wagonjwa, na kwa matenga, viatu na mikono yetu. Kuku aliyenunuliwa sokoni na kuingizwa bandani siku hiyo hiyo aweza kuleta maradhi bila msaada wa kunguru yeyote. Na kunguru naye huyapata wapi? Katika mzoga tulioutupa jalalani au kwenye kiwanja kisichojengwa. Tunamwandalia karamu, kisha tunamlaumu kwa kubeba mabaki hadi uani kwa jirani.

Qur'an Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 31, inatusimulia habari za mwana wa Adam aliyemuua ndugu yake, asijue la kufanya na maiti yake. Allah akampeleka kunguru afukue ardhi, amwonyeshe namna ya kumsitiri. Muuaji akajuta kwa kushindwa kufanya hata lile aliloliweza ndege. Leo kunguru anafukua majalala yetu, nasi tumeshindwa kumfukia kuku mmoja.

Kuku aliyekufa kwa maradhi ni nyamafu, haramu kuliwa. Afukiwe katika shimo refu, mbali na kisima, au achomwe hadi ateketee. Wapo pia wanaomchinja haraka yule aliyeanza kusinzia na kumuuza bila kusema neno. Hata kama kisu kimemuwahi angali hai, kuficha aibu ya bidhaa ni udanganyifu, na Mtume (s.a.w.) alimkemea muuzaji aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikataza pia ngamia wagonjwa kupelekwa kwa walio wazima. Basi mwenye kuku wagonjwa asiwaachie wazurure mtaani.

Mdondo hauna tiba, ila una chanjo. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa kwa miaka mingi katika maabara ya mifugo iliyopo Temeke, huhimili joto kuliko zile za zamani. Hutolewa tone moja jichoni kwa kuku mzima, kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, kwa hiyo akina mama wa mtaa mmoja au wa darsa moja wanaweza kuchangishana na kuchanja kwa siku moja.

Ama kuhusu kumuua kunguru, hadithi sahihi imemtaja miongoni mwa viumbe vitano vilivyoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Zanzibar na Dar es Salaam zimewahi kuwapunguza kwa mitego na sumu, chini ya usimamizi wa wataalamu. Ruhusa hiyo haimpi kila mtu kibali cha kupaka dawa ya wadudu kwenye utumbo na kuuacha uani. Paka, bundi na mtoto anayetambaa nao watauokota. Salama zaidi ni kufunika taka, kwani kunguru asiyepata chakula hahamii hapo.

Tuwafundishe watoto pia wasiguse ndege wa porini waliokufa. Januari 2017, mafua ya ndege yaliua ndege wa majini katika Ziwa Victoria, karibu na Entebbe nchini Uganda. Tukiona vifo vya wengi kwa pamoja, tumwite afisa mifugo wa kata.

Jembe halikosekani katika nyumba zetu. Kuku akifa leo, tulichukue tukachimbe, kabla kunguru hajashuka ukutani. Hiyo ni haki ya jirani, nasi tutaulizwa juu yake.